Sukari na Kifaa Namba Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza vizuri. Nimeamka kabla ya Sukari. Nimeoga kabla ya Sukari. Nimekunywa chai kabla ya Sukari. Tukafika kazini, Shangazi akamsifu Sukari kwa kuamka mapema.

Nieleze kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Shangazi, dada yake Baba, ni msimamizi wa ghala kubwa la bidhaa za nyumbani: sabuni, ndoo, madaftari, maji ya chupa. Sukari ni binti wa Baba Mdogo. Ana jina lake halisi, lakini Bibi alimpa hilo la Sukari tangu akiwa mchanga, eti kwa sababu hakuwahi kulia. Mimi nililia. Mimi ninaitwa Mwalimu, kwa sababu nasahihisha watu. Si jina baya. Lakini hakuna anayembeba mwalimu mgongoni na kumbusu mashavu.

Likizo hii sote wawili tunakaa kwa Shangazi na kumsaidia ghalani. Ninamzidi Sukari miezi michache tu, kwa hiyo ananiita Dada. Analisema neno hilo kama amelipaka asali. Inaudhi.

Leo amekuja Mhandisi. Ameleta vifaa vya mkononi vya kuunganishwa na mfumo mkuu wa kampuni. Wapakiaji wanaviita bastola, kwa sababu vina kitufe cha kufyatulia. Unaelekeza kwenye lebo, unabonyeza, mwanga mwekundu unatoka, kifaa kinalia pii! Habari inaruka hewani kwa redio mpaka kwenye antena ya darini, na kutoka hapo mpaka kwenye kompyuta kuu. Hadi Ijumaa iliyopita, Mzee Kalamu, karani wa miaka mingi, aliandika kila katoni kwenye kadi, na ofisini wakazichapa kadi hizo jioni. Mhandisi akasema kwa hiyo kompyuta ya kampuni siku zote imekuwa ikiishi jana, naye amekuja kuileta leo. Sentensi nzuri sana. Nimeiandika kiganjani isinipotee.

Halafu akasema jambo kubwa. Kampuni yake ina nafasi ya mwanafunzi mmoja, likizo ijayo, katika chumba ambamo programu hizi zinaandikwa. Mmoja! Atatutazama mimi na Sukari wiki nzima. Ijumaa, Mkurugenzi akija kuuona mfumo ukifanya kazi, ataamua.

Moyo wangu ulilia pii.

Nimekiota chumba hicho tangu darasa la sita, kabla sijajua kama kipo. Niliwahi kuandika programu ya kusalimia watu kwenye kompyuta ya shule. Ilisema shikamoo kwa kila mtu, hata kwa watoto wa chekechea. Lakini ilisalimia! Sukari hajaandika hata programu ya kuaga.

Kifaa cha kwanza alikabidhiwa nani? Sukari. Mhandisi alisema mkono wake umetulia. Lazima utulie, hauna kazi! Mimi nilichagua Namba Saba, ambacho hakina mkwaruzo, nikakibandika nyota ya dhahabu ili ghala zima lijue ni changu.

Sina wivu. Ninafuatilia tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango.

Wakati wa chai Mhandisi alitueleza kwamba maji hunywa mawimbi ya redio. Ukipita na kifaa katikati ya maji mengi, kinapigwa na bumbuwazi. Wote wakatikisa kichwa. Mimi nilitikisa polepole zaidi, kwa sababu nilikuwa na nia.

Ghala letu lina njia moja ambayo maji ya chupa yamejaa pande zote mbili, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Nikamfuata Shangazi. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba Sukari hapendi joto, na kule kwenye maji kuna ubaridi, labda apangiwe huko. Shangazi akanishika shavu, akasema laiti kila mtoto angekuwa na dada kama mimi. Nikainamisha macho.

Sukari akaenda kwenye maji. Mimi nikabaki na ndoo za plastiki, bidhaa isiyo na hila. Pii. Pii. Pii. Upande wa maji, kimya. Kimya kitamu sana.

Mchana nikaenda kumpa pole. Nilikuwa nimeiandaa kabisa, na uso wake. Nikamkuta amepiga magoti na kipande cha chaki. Alikuwa akipita na kifaa taratibu. Kikikata mawasiliano anachora msalaba sakafuni, yakirudi anachora duara. Njia nzima misalaba na maduara! Mhandisi amesimama karibu yake, mikono kiunoni, anachekelea kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya kwao kwenye ramani. Akasema kazi ile ingemchukua siku nzima. Dereva wa foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, akaitwa. Antena ikashushwa darini, ikafungwa kwenye nguzo mwanzoni mwa njia. Pii zikarudi kila mahali.

Wapakiaji wameshaipa jina. Antena ya Sukari.

Antena! Ya Sukari! Na aliyempeleka pale ni nani? Bila mimi angekuwa kwenye ndoo, hana chaki wala sifa. Nikamweleza dereva wa foklifti jambo hili, kwa utulivu. Akaniuliza kama na mimi nataka antena yangu, maana anaweza kuninyanyua juu ya paleti nishike waya.

Nilitoka pale shingo imenyooka, nikajigonga kwenye ndoo.

Jumatano, 6 Agosti

Betri.

Betri hulala kwenye chaja ndefu ukutani, kila moja na kijitaa chake. Nyingine nyekundu, nyingine kijani. Nilifika kabla ya wote ili nichague. Nilichagua kwa makini, kama mtu aliyetumwa nyanya sokoni. Nyekundu: imeiva. Kijani: bado mbichi. Nani asiyejua hilo? Nikachukua ile yenye wekundu wa kupendeza zaidi, nikaitia kwenye Namba Saba. Sukari nikamtengea ya kijani, mbichi kabisa. Nikamkabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili.

Akasema ahsante Dada. Huruma ikataka kuniingia. Nikaizuia mlangoni.

Leo Mhandisi alikuwa anatupima kwa kazi yenyewe. Mfumo unakuletea agizo kwenye kioo: nenda rafu fulani. Unapiga lebo ya rafu, unapiga lebo ya katoni, unaingiza idadi, unasonga mbele. Ukipiga rafu isiyo yake kinapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole. Changu hakikupiga kelele hata mara moja. Nilipanda ngazi. Nikawa naeleza kwa sauti kila ninachofanya, kwa faida ya wasiojua. Mhandisi yuko chini, ananitazama. Nikafika mahali pa kusema, kama mnavyoona, kifaa kiko tayari wakati wote.

Kioo kikazimika.

Nikabonyeza. Nikatikisa. Nikakipuliza. Nikakipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kimya.

Mhandisi akaniuliza kwa upole betri yangu ilikuwa na taa ya rangi gani. Nikamjibu ile iliyoiva. Akaomba nifafanue. Nikafafanua.

Kicheko kilianza kwake, kikapita kwa wapakiaji, kikatoka nje hadi kwa mlinzi wa geti, ambaye hata hakujua kinachochekwa. Mzee Kalamu peke yake hakucheka. Alinong'ona kwamba hata yeye angechukua ile nyekundu. Mzee Kalamu, anayeviogopa vifaa hivi kama vitamuuma! Kufananishwa naye kuliniuma kuliko kicheko chote.

Na nani alipanda ngazi kunipokea kifaa ili nishuke bila kuanguka? Msiniulize. Betri yake ilidumu mpaka jioni.

Kuna sheria mpya ghalani. Kila anayekwenda kuchukua betri lazima aulize kwanza, imeiva? Imetungwa na dereva wa foklifti.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo kila mtu amepewa namba yake ya kuingilia kwenye mfumo. Imeandikwa kwenye kitambulisho cha kifuani. Nenosiri unajichagulia mwenyewe, na ni siri yako.

Mhandisi akaeleza kanuni. Mfumo haukubali mtu mmoja awe sehemu mbili. Ukiwa umeingia kwenye kifaa kimoja, halafu namba yako ikaingia kwenye kifaa kingine, kile cha kwanza kinakutupa nje hapohapo, hata kwaheri hakuna. Aliendelea kusema mengine, kwamba kila katoni unayoigusa inaandikwa kwa namba uliyoingia nayo, na kadhalika na kadhalika. Nilikuwa nimeacha kusikiliza. Nilibaki kwenye kutupwa nje.

Kutupwa nje!

Jioni tulikuwa tunaosha vyombo. Nikamuuliza Sukari, kwa sauti ya mtu anayewaza mambo mengine, kama nenosiri lake ni gumu kukumbuka. Akasema hapana, amechagua neno ambalo hawezi kulisahau. Akatazama mlangoni, akaniinamia sikioni. "Nimeweka jina lako, Dada. Mwalimu." Alisema akiliandika hilo anaona kama nimesimama nyuma yake, basi hakosei.

Sahani ikaniponyoka, ikaogelea.

Kwanza, huo ni uzembe. Mhandisi alikataza majina ya ndugu, wazi kabisa. Pili, nenosiri halisemwi kwa mtu, hata kwa mtu mwenye jina hilo. Tatu... La tatu sikulipata. Nilisugua sufuria moja kwa muda mrefu mpaka Shangazi akaniuliza kama nataka kuitoboa.

Mpango wa kesho ni huu. Sukari akishaanza kazi mbele ya Mkurugenzi, nitaingia kwa namba yake kwenye Namba Saba. Kifaa chake kitamtupa nje. Atabaki ameduwaa mbele ya wageni. Mimi nitatoka haraka, niingie kwa namba yangu halali, nifanye kazi kwa kasi na heshima. Aibu yenyewe ni ndogo, ya kupita tu. Sitaki aumie. Nataka tu aonekane kidogo hafai.

Nimeomba dua kabla ya kulala. Nimewaombea watu wote, na Sukari pia, ila kwa kifupi.

Ijumaa, 8 Agosti

Niende kwa mpangilio.

Mkurugenzi alikuja na wageni wake, viatu vinang'aa, kofia ngumu za usalama zimewakaa kichwani kama sufuria. Shangazi alikuwa amekaza kilemba mpaka nyusi zimepanda. Tukajipanga. Kila mtu akaingia kwa namba yake. Kifaa cha Sukari kilipangiwa upande wa sabuni, changu madaftari. Hesabu ya kila mmoja ilikuwa ikijiandika kwenye skrini huko ofisini. Mhandisi akapunga mkono, tukaanza.

Nilisubiri pii ya kwanza ya Sukari. Ilipolia, nikatoka kwenye namba yangu, nikaingia kwa yake. Namba yake, jina langu. Mfumo ukanikaribisha kwa heshima. Kule kwenye sabuni nikamwona Sukari anakitazama kifaa, anakigeuza, anakitazama tena. Ametupwa! Ushindi!

Nilitaka kutoka. Naapa. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Lakini kioo kikaleta agizo: madaftari, rafu ya juu kabisa. Na nyuma yangu viatu vikasimama. Mkurugenzi akasema, endelea binti, usituogope.

Aliniita binti. Sukari hajaitwa binti.

Nikaendelea. Sijui nguvu zile zilitoka wapi. Nilikuwa napanda na kushuka, pii, pii, pii, kila lebo kwa mara moja, hakuna kelele ya kukanyagwa kidole. Wageni wakawa wananifuata kama vifaranga. Dereva wa foklifti alivua kofia. Nilijiona niko ndani ya chumba kile cha programu, nina kiti changu, kinazunguka.

Sukari nilimwona kwa pembe ya jicho. Alimpelekea Mhandisi kifaa chake, na Mhandisi, aliyekuwa amezungukwa na maswali ya wageni, akamwonyesha tu kwa kidole akiweke kwenye chaja. Akakiweka. Hakujaribu tena. Akaenda kukaa na Mzee Kalamu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya sabuni ili asipewe bastola. Nikasema moyoni, vizuri, walioshindwa wakae pamoja.

Kazi ikaisha. Nikajifuta jasho, nikaweka uso wa unyenyekevu. Mhandisi akasimama mbele ya wote kusoma matokeo. Wa kwanza, akasema, tena kwa mbali sana, hata haamini macho yake.

Nikapiga hatua mbele.

Sukari.

Nilikuwa nimeshainama kupokea makofi. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nimevaa ndala.

Mhandisi akaendelea kusoma wengine. Mwishoni kabisa nikasikia, Mwalimu, sifuri. Mgeni mmoja akanong'ona, kumbe zile pii zilikuwa za maonyesho tu. Kila katoni niliyoigusa imeandikwa kwa namba niliyoingia nayo. Ndiyo yale ya na kadhalika na kadhalika!

Na bado. Mkurugenzi akasema kuna jambo lingine limemgusa. Alipopita kwenye sabuni alimkuta binti huyuhuyu amemshika Mzee Kalamu mkono, anamfundisha kubonyeza kwa kifaa cha mpakiaji mmoja. Kilipolia pii, mzee aliruka, kisha akacheka, kisha akakataa kukirudisha. Alipiga lebo za sabuni, akapiga lebo ya mlango, akajaribu kumpiga Mkurugenzi mwenyewe kwenye kitambulisho. Mkurugenzi akauliza, binti mmoja anawezaje kuongoza hesabu na papo hapo kumfundisha mzee? Mhandisi akajikuna kichwa, akasema mfumo haudanganyi. Sukari akasema, lakini mimi sijafanya kazi ile. Wakasema, mwoneni, hata sifa hazitaki.

Nafasi amepewa Sukari.

Nilifungua mdomo niseme kazi ile ni yangu, yote, kila katoni. Nikaiona sentensi ambayo ingelazimika kufuata baada ya hiyo. Nikaufunga. Shangazi akaniuliza kama nimemeza nzi.

Nimemwibia mtu namba, nikamjazia kazi yangu mwenyewe, nikamrudishia. Yupo mwizi mwingine wa aina hii?

Jumamosi, 9 Agosti

Sikulala vizuri. Sukari alilala kama mtoto. Hata kukoroma anakoroma kwa adabu.

Asubuhi nikaamua kusema ukweli. Haki lazima itendeke. Lakini si ukweli wote kwa mkupuo, watu wangeshtuka. Shangazi alikuwa anaanika nguo. Nikamshikia vibanio. Nikaanza kwa mbali. Tuseme, Shangazi, kuna mtu. Hatumjui. Tuseme mtu huyo, kwa bahati mbaya ya vidole, akaingia kwenye mfumo kwa namba ambayo si yake, halafu akafanya kazi nzuri sana.

Shangazi alikuwa nyuma ya shuka. Sikumwona uso. Akauliza, mtu huyo tusiyemjua, kifaa chake kina nyota ya dhahabu?

Alijua! Tangu jana jioni! Kumbe mfumo hauandiki namba ya mtu peke yake, unaandika pia namba ya kifaa. Kazi yote ya Sukari ilitoka Namba Saba. Mhandisi alikuwa amempigia Shangazi simu akicheka mpaka akakohoa.

Shangazi hakucheka. Alifungua pembe ya shuka, akaniuliza, mwanangu, unajua mwenzako jana alikuja kwangu kufanya nini? Alikuja kuomba radhi. Alidhani amekiharibu kifaa cha watu.

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilichezea kibanio kwa muda.

Kisha nikauliza, kwa heshima zote, kuhusu ile nafasi. Maana sasa imejulikana kazi ni ya nani. Shangazi alinitazama kama anavyotazama katoni iliyolowa. Akasema Mhandisi habadilishi neno. Hakuwa akitafuta mtu wa kupiga lebo haraka, mashine zenyewe zina haraka ya kutosha. Anatafuta mtu wa kukaa kwenye chumba kile na kuwakumbusha wataalamu wake kwamba kifaa kitashikwa na mtu kama Mzee Kalamu. Jana akampata. Halafu Shangazi akaniuliza swali dogo. Sukari alipata wapi muda wa kukaa na Mzee Kalamu?

Kwa sababu alikuwa ametupwa nje, Shangazi.

Na aliyemtupa nje?

Nikaomba niongezewe vibanio.

Kwa hiyo antena nimempa mimi. Nafasi nimempa mimi. Wiki nzima nimekuwa kibarua wa bahati ya mtoto wa Baba Mdogo!

Hukumu: nimwombe Sukari radhi, na nisiguse kifaa chochote mpaka likizo iishe. Nitapachika lebo za rafu. Lakini Mhandisi ametuma salamu. Anasema kasi ile hajawahi kuiona. Anasema Desemba huenda ikapatikana nafasi nyingine, endapo nitakuwa nimejifunza kuingia kwa namba yangu mwenyewe.

Desemba! Nimelipigia mstari mara mbili. Naweza. Mtu akiamua kubadilika anabadilika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi. Nilipofika kwenye neno nenosiri Sukari akanikatiza, akauliza kwa hiyo kifaa hakikuharibika? Nikasema hapana. Akashusha pumzi ndefu, akaketi kitandani, akasema afadhali. Basi. Hiyo tu. Sikufika hata kwenye kiini cha hotuba.

Halafu akasema anaogopa. Atakwenda kwenye chumba cha programu na hajui programu inaanzaje. Akaniuliza kama naweza kumfundisha kidogo. Tukakaa na karatasi, nikamwandikia ile yangu ya kusalimia. Akaielewa haraka, nikavumilia. Alipofika kwenye shikamoo ya chekechea alicheka mpaka akalala chali. Nikacheka na mimi. Tulikaa pale hadi chai ikapoa. Nilihisi moyo wangu umekuwa mpana, kama umefanyiwa usafi.

Kisha Bibi akapiga simu. Aliongea na Sukari wake, Sukari wa Bibi, fahari ya ukoo, mpaka sikio la simu likapata joto. Zamu yangu ilipofika aliniuliza kama bado nasahihisha watu.

Moyo ukarudi ukubwa wake wa kawaida.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepachika lebo tangu asubuhi. Mzee Kalamu ananisimamia, kifaa kiunoni, kalamu imehamia mfuko wa nyuma. Amenieleza kwa upole kwamba nyekundu maana yake betri bado haijajaa. Nimemshukuru. Meno yamefungwa, lakini nimemshukuru.

Mhandisi amerudi kumalizia kazi za ofisini. Amemwamuru Sukari abadilishe nenosiri. Amelibadilisha. Hajaniambia, nami sijamuuliza. Nimekua.

Wakati wa chai wote walitoka. Namba Saba kilikuwa kwenye chaja, kina alama ya gundi pale ilipokuwa nyota yangu. Taa ya kijani. Kilionekana kipweke. Nikakitoa kidogo tu, nikipanguse vumbi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakishika, nikawaza kuhusu usalama. Je, nenosiri jipya ni imara? Mtu mbaya akijaribu? Lazima mtu mwema ajaribu kwanza. Nikaingiza namba ya Sukari. Nikaandika Bibi. Mfumo ukakataa. Safi sana. Nikajaribu tena, mara ya mwisho, kwa ajili ya utafiti tu.

Dada.

Ukakubali.

Nilisimama pale. Nikapangusa macho. Katoni hizi zina vumbi.

Ningetoka. Nilikuwa natoka. Lakini kioo kikaleta agizo: sabuni, rafu ya juu kabisa, kule kwenye kona ngumu. Hakuna mtu. Ngazi iko tayari. Nikapanda. Lebo ya rafu, pii. Lebo ya katoni, pii. Idadi, tayari. Kazi safi, nyepesi, kama kuchuma ua. Nilijipigia makofi kimoyomoyo. Nikafanya na lililofuata. Na lililofuata.

Nilikuwa bado juu ya ngazi nilipokumbuka inaandikwa kwa nani. Kisha nikakumbuka na namba ya kifaa.

Kutoka ofisini nikasikia Mhandisi anacheka. Kisha akaanza kukohoa.

Kesho nitatumia Namba Nane.